Kidonda Nisichokuwa Nacho

Mimi ni muuguzi. Nalisema mapema kwa sababu Kilosa nzima inaniita daktari, na kwa miaka mingi sikumrekebisha mtu hata mmoja. Mwanamume akivaa koti jeupe ni daktari, mwanamke akivaa hilo hilo ni nesi. Ndivyo watu wetu wanavyoona, na mimi ni nani nibishane na watu wanaonipandisha cheo bure? Jina langu Bonifas. Babu yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, baba yangu akakata mkonge, na mimi ningeukata pia kama mkonge wenyewe usingekufa kabla sijapata nguvu za kushika panga. Nikaenda kusomea uuguzi, darasani wavulana tukahesabika kwa vidole, na kule kwetu Rudewa, kwenye kambi ya mkonge, wakasema mtoto wa mkata mkonge amepotea njia.

Miaka ile ya ruksa, soko lilipofunguliwa na mitumba ikajaa hadi milangoni mwa msikiti, nilipelekwa kozi ya juu. Nilirudi nikiwa na nadharia. Sikuwahi kuwa nazo kabla, kwa hiyo sikuweza kuzinyamazia. Moja ilisema mtu akizeeka hujiondoa taratibu katika mambo ya dunia, dunia nayo ikamwachia, na hiyo ndiyo amani yake. Nyingine ilisema kinyume kabisa, kwamba mzee azidishe shughuli asije akanyauka. Kwenye mtihani niliziunga mkono zote mbili, nikafaulu. Lakini niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kujihudumia. Hiyo inasema kazi ya muuguzi si kumfanyia mgonjwa kila kitu, ni kumwezesha afanye mwenyewe analoweza. Niliipenda kwa sababu ilinipunguzia kazi.

Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi wafungue zahanati, na mfanyabiashara mmoja akafungua yake Mikumi, kando ya barabara kuu. Akaniajiri, nikaacha wodi na kliniki ya hospitali ya Kilosa, familia ikabaki huko. Nikawa nawahubiria madereva wa malori namna ya kulinda afya: punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, tembeeni kwa miguu. Wakiondoka, navuka barabara kwenda kula nyama ya kuchoma, chumvi naitia kwa kiganja. Tumbo langu lilikuwa linanitangulia kuingia mlangoni. Hakuna dereva aliyewahi kulisema, labda kwa sababu ya koti.

Basi mradi mmoja wa wafadhili ukatangaza semina ya afya ya wazee, palepale Mikumi, hotelini, na mimi nikateuliwa kuwa mtoa mada mkuu. Sikulala vizuri kwa furaha. Nikachukua likizo, nikarudi nyumbani Kilosa ili niandike kwa utulivu. Mada yangu ilikuwa "Huduma Kamili kwa Mzee: Mwili, Akili, Roho na Jamii." Nilikuwa nimeandika kichwa hicho na kukipigia mistari miwili chini, basi, hakuna zaidi, wakati gari la kutoka Dumila lilipomshusha mama mkwe wangu mbele ya nyumba.

Mama Raheli ni mjane wa kule milimani Mamboya, mwimbaji wa kwaya tangu usichana wake, mama wa mke wangu Joyce. Sasa elewa heshima yetu ilivyo. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana kwenye kijia mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Katika miaka yote ya ndoa yangu, mazungumzo yetu mimi na mama yalikuwa haya: mimi nauambia ukuta, "Shikamoo mama," naye anauambia mti, "Marahaba, baba." Tukimaliza hapo kila mmoja anashukuru Mungu. Na mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwewe ni jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi mpaka abanwe kwelikweli.

Alikuwa amebanwa. Wakati wa palizi la masika jembe lilimkata juu ya kifundo cha mguu, na kidonda kikakataa kufunga mpaka kiangazi. Joyce alimpeleka hospitali. Daktari, daktari wa kweli, akasema kioshwe na kufungwa kila siku, mguu uinuliwe, mama ale vizuri. "Kikifika kwenye mfupa," akamwambia Joyce pembeni, "itabidi aende Morogoro, na huko atarudi na mguu mmoja." Kulazwa mama alikataa katakata. Alisema hakuzaa na kulea ili uzeeni aje afunuliwe khanga na wasichana wasiojua hata jina lake.

Mamboya ni mlima. Ukitoka nyumbani unapanda, ukirudi unapanda tena, sijui inakuwaje. Mtu wa mguu mmoja kule ni wa kukaa kitandani akingoja kuletewa maji. Mama alilijua hilo kuliko sisi.

Joyce alijaribu kumwosha. Mke wangu ni mwanamke shupavu, anauza mitumba minadani na ananyang'anyana marobota na wanaume, lakini akiona usaha tumbo linamgeuka. Ndiyo, mke wa muuguzi. Siku ya kwanza alifumba jicho moja, siku ya pili akakimbilia nyuma ya choo. Mama akamrudishia beseni.

"Acha, mwanangu," akamwambia. "Uso wako unaniuma kuliko kidonda."

Baada ya hapo akajifungia mwenyewe, kitambaa kikuukuu juu ya majani, akahamia jiko la nje na kukaa humo kutwa, mguu umefichwa chini ya khanga. Ukipita karibu unasikia harufu. Nami naijua harufu ile, na najua inaelekea wapi.

Nikaamua kutumia elimu. Nilijiambia kuwa mgonjwa ni mteja, mteja ana haki, na mila isisimame mbele ya huduma. Nikavaa koti jeupe, hapa nyumbani kwangu, ili nisionekane mkwe, nionekane daktari. Nikavaa glavu. Nikashika sinia la vifaa, nikasimama kwenye mlango wa jiko na kupiga hodi kwa sauti ya kazini.

Mama akajifunika khanga kichwa chote, akageukia ukutani.

"Joyce," akasema, na Joyce hakuwemo, "mwambie baba humu mna moshi."

Moto ulikuwa haujawashwa. Nilisimama pale na glavu zangu, sijui niingie, sijui nitoke, halafu nikarudi kinyumenyume na kukanyaga sufuria la mboga. Siku hiyo mama hakula. Jioni nikamwona amefunga kifurushi chake na kukiweka magotini.

Joyce aliporudi kutoka mnadani na kusikia, alinijia juu.

"Baba Imani, una akili kweli? Ukimwosha wewe, ataiweka wapi sura yake? Mamboya atarudi vipi?"

"Na mguu je? Tuuache uoze kwa heshima?"

"Mimi sijui. Wewe si ndiye mwenye nadharia? Kila siku unaniimbia kujihudumia, kujihudumia. Haya, mfundishe ajihudumie."

"Nitamfundishaje na hataki hata kunisikia?"

"Basi mfunge mtu mwingine, yeye aone."

"Nani?"

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, macho yake yakasimama kwenye mguu wangu wa kushoto. Kesho yake niliwaambia wote walionisikiliza, maana yake nilijiambia mimi mwenyewe, kwamba wazo lile lilikuwa langu na linaitwa kufundisha kwa vitendo.

Asubuhi nikaketi kwenye kigoda uani, ubavu umeelekea mlango wa jiko, kama adabu inavyotaka. Joyce aliketi mbele yangu kabla ya kwenda kwenye biashara yake. Tulikuwa na maji yaliyochemshwa na kupozwa, chumvi kidogo ndani yake, na vitambaa vilivyochanwa kutoka shuka la mtumba, vimechemshwa, vimekaushwa na kupigwa pasi. Nikakunja suruali. Mguu wangu ulikuwa mzima kabisa. Haujawahi kupatwa na neno kubwa kuliko mbu.

"Joyce!" nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni. "Kwanza mtu ananawa mikono kwa sabuni!"

"Eeh!" akajibu Joyce.

"Halafu anaosha kidonda kuanzia katikati kwenda pembeni! Kitambaa kikishagusa hakirudi kwenye maji safi! Majani hapana! Majani tunawaachia mbuzi!"

"Eeh, nimesikia!"

Nikafunga bendeji kutoka chini kwenda juu, nikainua mguu juu ya kreti la soda, nikakaa hapo. Jikoni kimya. Siku ya pili kimya. Siku iliyofuata Joyce akaniambia kwa kunong'ona kwamba mama ameomba kipande cha sabuni, na moshi wa kweli ulikuwa unatoka jikoni asubuhi na mapema kabla sisi hatujaamka. Kifurushi kilikuwa kimerudi kwenye kona.

Hapo kichwa kikanivimba. Nikaanza kuongeza madoido. Nikiosha nilitoa "aaah" kidogo, nikatulia, nikavuta pumzi kwa meno, nikasema kwa uchungu wa kiume, "Inauma lakini lazima." Nikitoka kwenda msalani nilichechemea. Kwa haki kabisa nilistahili kuwa kwenye kikundi cha maigizo, na sijui kwa nini serikali ilipoteza fedha kunisomesha uuguzi.

Kwa bahati mbaya, ua wetu ulikuwa wa mabua, na upande wa pili aliishi Mwamvua. Mwamvua ni jirani mwema ambaye habari haimkai. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua daktari ana kidonda. Jioni waliokuja kunipa pole walijaa mpaka kwenye kibaraza.

Ningewaambia nini? Kwamba mimi ni mzima, mwenye kidonda ni mama mkwe wangu, amekaa jikoni mwangu na mguu unanuka? Afadhali niwe na kidonda. Nikajibu, "Nimeshapoa, asanteni." Kumbe nilikuwa nimejitia kitanzini, maana mtu aliyekubali pole amekubali na ushauri.

"Daktari, si ulitufundisha mwenyewe pale kliniki?" Mwamvua alisema, ameketi mbele yangu na bakuli la uji wa ulezi. "Chumvi, mafuta, na kukaakaa. Tumbo hilo si la mtu mwenye afya. Kunywa huu, hauna sukari."

"Nina njaa ya wali, dada Mwamvua."

"Mgonjwa haulizwi njaa ya nini."

Sentensi hiyo ilikuwa yangu. Niliwahi kuisema wodini, mbele ya watu, na wakacheka. Sasa nikanywa uji usio na sukari, Mwamvua akiangalia koo langu lilivyokuwa likishuka na kupanda. Kesho yake akaja kuchukua kopo letu la chumvi, akasema atalirudisha nikipona.

Baya zaidi lilikuja kwa treni kutoka Mikumi. Ditram ni kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe kwenye zahanati, kijana mwenye kalamu nyingi mfukoni. Alifika na machungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Ditram. Karibu."

Nikategemea aniulize hali. Akamgeukia Joyce.

"Anakula?" akamuuliza.

"Anakula," akasema Joyce.

"Choo anapata? Analala? Hakasiriki ovyo?"

Mimi nimekaa pale pale! Ningeweza kumgusa kwa mkono. Nina masikio, nina kozi ya juu, najua jina la kila mfupa wa mguu ambao hata haukuwa na kidonda, na watu wawili wanaongea juu ya choo changu kama vile wanaulizana habari za ng'ombe wa jirani. Nikasema, "Ditram, niulize mimi." Akanitazama kwa huruma, akanipigapiga begani, akasema taratibu kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Usijali, mwalimu. Tulia." Niliijua ile sauti. Nilikuwa nimemfundisha hata hiyo.

Kisha akasema alilolijia. Watu wa mradi wamesikia mtoa mada mkuu ni mgonjwa na hawezi kusimama. Wameomba yeye achukue nafasi. Mwenye zahanati naye amesema nipumzike mpaka nipone kabisa. Je, ninayo mada, angalau ya kumsaidia aanze?

Nilifungua mdomo niseme mguu wangu mzima. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na ndani niliona pindo la khanga limetulia, linasikiliza. Nikafumba mdomo. Nikampa karatasi yenye kichwa cha habari na mistari miwili. Alisoma, akageuza upande wa pili, hakukuta kitu, akaikunja kwa heshima na kuitia mfukoni kwenye kalamu zake. Alipoondoka nilikula machungwa yote peke yangu, na nililia kidogo kwa hasira, si uongo. Hoteli ile walikuwa na kuku wa kukaanga.

Lakini kidonda kilianza kurudi nyuma. Joyce alinipa habari kila jioni, amegeuza uso, kwa sababu hata kukisimulia kulimchefua. Kwanza harufu ikapotea, kisha nyama ikawa nyekundu, safi, nazo kingo zikaanza kusogeleana. Mimi nilikuwa nafuata kila hatua kwenye mguu wangu mwenyewe. Nikisikia kinapungua, napunguza bendeji. Nikisikia amepata maumivu, naeleza cha kufanya kwa sauti na kutoa "aaah" ya kufanana. Sijawahi kumhudumia mgonjwa kwa bidii namna ile, na sikuwa hata nimemgusa. Mpaka mawingu ya vuli yalipoanza kukaa juu ya milima, Joyce akaja na uso mkunjufu: ngozi imefunga.

Nilirukaruka uani kwa mguu mmoja, maana nilikumbuka katikati kwamba mwingine ni mgonjwa.

Nikasubiri mama aage. Kule Mamboya watu walikuwa wanaandaa mashamba, na mama si mtu wa kukubali shamba lake lipandwe baada ya la jirani. Siku zikapita. Kifurushi hakikufungwa. Badala yake uji ukaanza kuja asubuhi, uji wa maziwa wenye sukari, Joyce anauweka karibu na kigoda na kuondoka bila neno. Nilidhani ni Joyce aliyenionea huruma. Vitambaa vyangu navyo nilivikuta kila siku vimechemshwa, vimekunjwa vizuri, vimefunikwa sahani. Nilidhani ni Joyce pia, nikamsifu kimoyomoyo, na nikashangaa kidogo, maana miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunikunjia hata leso.

"Mama Imani," nikamwuliza hatimaye, "mama ana tatizo gani? Mvua inakaribia."

"Hawezi kuondoka."

"Kwa nini, na amepona?"

"Yeye amepona. Anasema wewe bado."

"Bado nini?"

Joyce akaketi kwenye kreti la soda.

"Baba Imani, mama hajawahi kuutazama mguu wako. Angeutazamaje? Amesikia unalia, ameona bendeji, amesikia watu wanakupa pole mpaka Ditram kaja na treni. Ameamini. Siku ile ulipoingia na koti alikusudia kuondoka asubuhi yake. Akakusikia uani. Akaniambia, 'Huyu baba ana kidonda, na mama yake alishakufa. Nani atamsimamia?' Akasema aufunge mguu wake, ukisikia wa kwake unapona utapata moyo na wewe. Ule uji ni wake. Vitambaa anachemsha yeye kabla hujaamka. Na kila jioni anakuombea, kwa jina."

"Na wewe ukamwacha aamini?"

"Aliniuliza, 'Mumeo anaumwa sana?' Nikanyamaza. Nilikuwa naona anakula."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na chini ya aibu hiyo nilikuwa na furaha ambayo sikuijua niipeleke wapi. Mama yangu alikufa nikiwa chuoni. Tangu hapo hakuna mtu aliyekuwa amenichemshia chochote kwa ajili ya kidonda, hata nilipokuwa nacho.

Kumwambia kweli nilikataa. Mwanamke wa heshima yake, ajue kwamba alikuwa anamlilia Mungu kwa ajili ya maigizo! Lakini shamba lilikuwa linamngoja, kwa hiyo nilipaswa kupona, na kupona haraka.

Asubuhi nikaketi kwenye kigoda kama kawaida.

"Joyce!" nikasema. "Leo nafungua. Nadhani kimefunga."

Nikazungusha bendeji polepole, nikaiweka kwenye beseni. Mguu ukakaa pale juani na vinyweleo vyake, mnene, laini, wa mtu anayekula nyama ya kuchoma. Jikoni nikasikia kigoda kinasogezwa. Halafu nyayo, mbili, zote zinakanyaga sawasawa.

Mama Raheli alitoka nje. Sikuinua uso. Niliona pindo la khanga linakuja, linapita pale ambapo siku zote lilikuwa likisimama, linakuja karibu zaidi, mpaka nikaona kifundo chake chenye kovu jipya, la waridi, limekaa vizuri. Akainama. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama mkwe wangu alinitazama, akautazama mguu wangu kuanzia goti mpaka kidole, upande huu, akazunguka kidogo, na upande ule. Hapakuwa na mkwaruzo. Joyce alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nami nilifumba macho.

Nilisikia pumzi zake zinakatikakatika, na sikujua kama anacheka au analia.

"Joyce," akasema, "mwambie mwanangu kimepona vizuri. Hata kovu hakuna."